Masuke ya Kabula

Kasula, joho la padre la kusomea misa, ililetwa dukani kwangu Kizwite ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa hovyo kama nguo ya kufua. Katekista aliyeileta akaniambia, "Mama Stazia, Padre Severini ameacha maneno azikwe na hii. Bitana imechanika begani. Kesho saa nne asubuhi wanaomvisha wataihitaji." Nikampa pole, naye akanipa pole, nikamwambia aiweke mezani. Sikuwa na haja ya kuifungua ili nijue ni ipi. Kwenye mdomo wa mfuko lilichungulia suke moja la ngano, limesimama wima, na ndevu zake nyembamba za uzi wa dhahabu uliofifia, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, mwenye cherehani nne na mafundi watatu chini yangu, nikashikwa na wivu ule ule wa nikiwa na miaka kumi na tisa. Wenzangu wa rika langu husema wivu huisha na umri, kama chunusi. Labda wao walikuwa na wivu mdogo.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, maana sisi wa uwanda wa juu tumelelewa karibu namna moja: mahindi, ulezi, ngano na rozari. Nianze na chumba tulichodarizia mavazi ya mapadre. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya masista, sakafu imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inateleza, madirisha mawili yakitazama mashariki, na kati ya madirisha limesimama kabati la nyuzi lenye ufunguo mmoja tu, ambao Sista Ludovika, mwalimu wetu, aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Ukuta wa pili ulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo, na ng'ambo yake ni jiko walimookea hostia, mikate myembamba ya komunyo. Kila asubuhi harufu ya unga wa ngano uliobanwa kwenye chuma cha moto ilituingilia, na saa nne tuliletewa chai na vipande vilivyobaki baada ya hostia kukatwa, vyepesi, havina ladha, tukivila kwa viganja kama bisi. Huo ulikuwa mmoja wa miaka ile ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, sukari imerudi, na sokoni marobota ya mitumba yalifunguliwa chini watu wakagombea makoti. Lakini ndani ya chumba kile tuliishi bado kwa desturi ya miaka ya ukame wa bidhaa: uzi wa dhahabu haukununuliwa, ulifumuliwa kutoka kwenye mavazi ya zamani ya mapadre waliokwisha kufa, ukanyooshwa kwa mvuke wa birika, ukatumika tena.

Sista Ludovika alikuwa Mfipa wa makamo aliyezeeka macho kabla ya mwili. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho moja na kuanza la pili, kwa hiyo kazi zetu hakuzitazama, alizigusa. Akichukua kitambaa hakujali mbele. Alikigeuza, akapitisha vidole taratibu upande wa nyuma, kule ambako bitana ingefunika na asiyeshona hana habari nako, na hapo ndipo alipokusoma wewe ni mtu wa namna gani. Fundo aliligundua. Uzi ulioruka kutoka ua moja hadi jingine kwa uvivu aliugundua, akautekenya kwa kucha, akasema, "Hapa ulikuwa na haraka ya kwenda wapi, Stazia?" Kila Jumamosi kabla ya kengele ya mchana aliuliza neno moja, "Tayari?" Na mimi kila Jumamosi nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua thamani yake, "Tayari, Sista." Nilikuwa mwepesi. Nilimaliza maua manne wengine wakiwa kwenye la kwanza. Wasichana wawili walitangulia kuolewa wakaondoka, nikabaki peke yangu na Sista, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na furaha kamili. Kisha baada ya Krismasi akaletwa Kabula.

Alikuja na lori la mpunga kutoka Mtowisa, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Padre wa kule alimleta kwa sababu aliona kitambaa cha meza alichodarizi mwenyewe bila kufundishwa. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa masweta mawili ya mtumba, moja juu ya jingine, maana baridi yetu ilimtesa. Asubuhi ya kwanza alimsalimu mama wa jikoni, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwao, kwa mazoea, nikacheka peke yangu ukumbini. Ugali wa ulezi ulimshinda. Aliuzungusha mdomoni, akaumeza kwa maji, kisha akaanza kusimulia wali wa kwao na maziwa ya mgando, jinsi mpunga unavyokomaa mpaka suke lote linainama na kugusa maji, na ukipita katikati unakupigapiga miguuni. Aliweza kusema habari za mpunga toka chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. "Dada Stazia, ukija kwetu nitakupikia," aliniambia. Nikajibu, "Bondeni kuna mbu." Ndivyo nilivyompokea mgeni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa msalaba mdogo kwenye kitambaa cha kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, kazi ya asubuhi moja. Aliifumua mara nne. Nilimhesabia. Jumamosi Sista alipouliza, "Tayari?" mimi nikasema tayari, naye akasema, "Bado, Sista," bila kuomba radhi, kama mtu anayetaja saa. Nikangoja akaripiwe. Sista alichukua kile kitambaa ambacho hakijaisha, akakigeuza, vidole vyake vikapita upande wa nyuma, vikarudi, vikapita tena. Alikipeleka shavuni, akakigusisha hapo kidogo, akamrudishia. Miaka mitatu nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba, na kazi yangu haijawahi kufika kwenye shavu la Sista. Siku hiyo nilianza kumchukia Kabula, nami nasema kumchukia kwa sababu maneno mengine yote yangekuwa ya kujipamba.

Wakati wa Kwaresima nikiwa nasuuza vikombe nilimsikia Mama Mkuu wa masista kupitia kile kidirisha akizungumza na Sista Ludovika. Kasula za mashine zilikuwa zimeanza kuja kutoka Nairobi kwenye maboksi, rangi zote, na parokia zilizipenda kwa kuwa unaagiza leo na mwezi ujao unazo. "Chumba sitakifunga," Mama Mkuu alisema, "lakini wasichana wawili hapana. Mwisho wa mwaka abaki mmoja, umwachie ufunguo, nawe upumzishe macho." Sista akajibu kwamba Agosti mashemasi wawili watapewa upadre, kila msichana atadarizi kasula moja, na baada ya hapo ataamua. Nilisimama na kikombe mkononi maji yakinichuruzika mpaka kiwikoni. Nje ya chumba kile kulikuwa na kulima na kuolewa. Ndani kulikuwa na kabati, nyuzi, mwanga wa asubuhi juu ya kitambaa cheupe, kitu pekee nilichokijua vizuri duniani. Niliutaka ule ufunguo kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, pamoja na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu.

Tulianza baada ya Pasaka. Kasula zote mbili zilikuwa na mchoro mmoja: masuke ya ngano yakipanda kutoka chini mpaka kifuani, na zabibu pembeni. Karatasi ya mchoro ilikuwa ya zamani sana, imetobolewa na kupakwa chaki mara nyingi hata matundu yameungana, na ukiiweka juu ya kitambaa inakuachia shina tu na wingu la vumbi mahali pa suke. Suke lenyewe ulilijaza kwa kichwa chako. Mimi yangu niliyajaza kama nilivyoyajaza siku zote, mishono ya haraka huku na huku, kama mifupa ya samaki. Wiki ya kwanza haijaisha nilipita nyuma ya kiti cha Kabula kwenda kuchukua mkasi, nikaona suke lake la kwanza. Lilikuwa limeinama. Punje zilining'inia kila moja peke yake kwenye kijiti chake chembamba, nzito, karibu kudondoka. Nikasimama. Yule binti hajawahi kuona shamba la ngano maishani mwake. Ngano kwake ilikuwa unga, maandazi, hostia. Ameambiwa darizi masuke, naye amedarizi masuke anayoyajua. Ulikuwa mpunga.

Ningeweza kusema neno moja pale pale. Lilikuwa suke moja tu, la kufumua kwa nusu saa, na angecheka, na mimi ningecheka. Nilichukua mkasi wangu nikarudi kukaa. Niliimba siku nzima, nyimbo za Mama Maria moja baada ya nyingine, mpaka mama wa jikoni akauliza kupitia kidirisha kama nimeposwa. Sista asingeona, na kwa vidole vyake upande wa nyuma ungekuwa safi. Mashemasi hawakuruhusiwa kuingia. Kazi ilikuwa imevingirishwa kwenye fremu, inaonekana upana wa kiganja tu kwa wakati mmoja. Niliacha aende. Mei ikapita, Juni ikaja na ukungu wake na upepo unaokata masikio, na yeye akaendelea, suke kwa suke, akifumua, akirudia. Jioni kabla ya kufunika fremu alikaa akiitazama ile kazi muda mrefu, kidole kikifuata kila mshono, uso umekunjamana. Nilidhani anajisifu moyoni.

Na hapa ndipo penye aibu yangu halisi, kubwa kuliko ile ya kukaa kimya. Ule mpunga ulikuwa mzuri. Nilikuwa naujua kuwa ni makosa na bado nilikuwa napita nyuma ya kiti chake mara nyingi kuliko haja ya mkasi, ili niuone. Ulikuwa na uzito. Ulikuwa na umande, sijui aliutoa wapi kwa nyuzi za manjano na za kijivu. Mpunga wake wa makosa ulikuwa hai kuliko ngano yangu ya sawa, na mimi niliyezaliwa katikati ya ngano sikuwahi hata siku moja kusimama kuitazama.

Nilisema Jumamosi moja ya Julai. Sista aliuliza, "Tayari?" nikamkabidhi yangu imekamilika kabisa, wiki tano kabla ya siku. Akaigeuza, akapitisha vidole, akasema, "Nyuzi zimeruka hapa. Na hapa." Kisha akaenda kwa Kabula. "Bado, Sista, yamebaki masuke mawili." Vidole vya Sista vilikaa upande ule wa nyuma mpaka nikaona jasho linanitoka na baridi yote ile, na mwisho akasema polepole, "Nyuma ni kama mbele," na akainama na shavu lake.

"Sista, samahani," nikasema. "Yale si masuke ya ngano. Ni mpunga."

"Unasemaje?"

"Ni mpunga, Sista. Yameinama. Na Mwili wa Bwana hautengenezwi kwa wali."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunza wiki tatu. Sista alimwita mama wa jikoni, akaja na unga mikononi, akatazama, akaanza kucheka, akaacha. "Ni mpunga kweli," alisema. "Tena wa kuvuna kesho." Sista akanigeukia na yale macho yake meupe. "Na wewe Stazia umeona lini?"

"Leo, Sista."

Kabula alinitazama. Nilisubiri alie, au anitukane kwa Kisukuma. Badala yake aliinua fremu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaiangalia kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Kisha akauliza, si kwangu, kwa wote tuliokuwepo, "Ngano ikoje?"

Jumatatu Sista alinituma nimpeleke shamba la masista, njia ya kwenda Msanzi. Ngano ilikuwa imekauka, imesimama, inasuguana kwa upepo. Nilidhani tutatazama tuondoke. Kabula alipiga magoti kwenye ukingo wa shamba akakaa hapo toka asubuhi mpaka jua linaelekea kushuka, akila viazi vyetu vya kuchemsha kwa mkono mmoja na suke mkononi mwingine. Alizihesabu punje zilivyopangwa, kulia, kushoto, kulia. Alizivuta ndevu moja moja aone zinaanzia wapi. Alilala chali aone ngano kutoka chini. "Kumbe haiinami," alisema mara moja, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari njema. "Inakauka ikiwa imesimama. Dada Stazia, na wewe umekuwa na hii miaka yote?" Niliona baridi, nilichoka, na nilikuwa na donge la hasira kwa sababu nilimleta pale kama adhabu.

Wiki nzima iliyofuata alifumua. Kazi ya miezi mitatu aliitoa uzi kwa uzi, akaizungusha kwenye vipande vya kadibodi, kisha akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na kukikwaruza kwa ukucha, kwenda na kurudi, mpaka kila tundu la sindano likajifunga. Ndipo akaanza upya. Agosti ilifika akiwa kwenye suke la nne. Shemasi mmoja alipewa upadre amevaa kasula yangu, watu wakapiga vigelegele, mama yake akanikumbatia. Wa pili, Severini, alivaa ya mashine kutoka kwenye boksi. Jumapili hiyo hiyo Sista Ludovika alivua ufunguo shingoni akanivalisha mimi. Nilikuwa nimeshinda. Nilienda jikoni kuwaambia, na kabla sijafika mlangoni nikasikia Mama Mkuu akisema, "Nilidhani ungempa yule wa bondeni." Sista akajibu, "Ufunguo nimempa Stazia kwa sababu anauhitaji. Yule hauhitaji."

Kabula alimaliza Novemba, mvua za kwanza zimeshaanza. Hakuna aliyemwambia aendelee, hakuna aliyemkataza. Padre Severini alikuja mwenyewe kuichukua kasula, akakaa nayo magotini. Kisha Kabula akapanda lori kushuka Mtowisa, na mimi nikabaki na kabati. Miaka michache baadaye chumba kilifungwa, nikanunua cherehani, nikafungua duka, nikadarizi majina ya shule kwenye masweta kwa mashine, na mpaka leo hakuna mteja aliyewahi kungojea kazi kwa Mama Stazia. Nimelea watoto kwa wepesi wa mikono yangu na siutukani. Ila kila Pasaka, Padre Severini alipopanda altareni amevaa masuke yale, popote alipohamishiwa, mimi nilimfuata nikakaa benchi la nyuma kabisa.

Asubuhi ya mazishi nilifungua duka mapema nishone ile bitana. Nilikuwa nimeilaza kasula kifudifudi mezani, bitana nimeifumua begani mpaka kiunoni, nami napitisha vidole upande wa nyuma kama Sista, natafuta alama ya mpunga, hata tundu moja. Hapakuwa na kitu. Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa mnene kidogo, mvi zimejaa, khanga ya msiba kichwani, na sweta juu ya sweta. Alikuwa amepanda na watu wa Mtowisa usiku, maana Padre alitumikia kule miaka mingi.

"Stazia," alisema. "Umeona kosa?"

"Sijaona."

"Lipo. Suke la tatu kushoto, ndevu zimezidi mbili. Nilitaka kulifumua, Padre akanikatalia, akasema ameshaivaa." Alivuta kigoda akakaa kana kwamba ametoka kunywa chai. Nilimtazama mwanamke yule aliyepanda milima kuja kumzika padre wake huku akisumbuliwa na ndevu mbili za ngano, na nikaona nikikaa kimya tena nitakufa nalo.

"Kabula, ule mpunga niliuona wiki ya kwanza. Nilimdanganya Sista. Nilikuacha miezi mitatu kwa makusudi."

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku ile ile. Ulipita nyuma yangu, ukarudi kukaa, ukaimba mpaka jioni. Nikajua kuna kosa kwenye kazi yangu, maana ulifurahi." Alicheka kidogo. "Ila sikujua ni lipi. Nikawa nalitafuta. Kila jioni kabla ya kufunika nalitafuta, mshono kwa mshono. Sijawahi kutazama kitu vile, si kabla wala baada. Siku uliposema, hasira niliipata, usifikiri sikuipata. Ila niliona raha pia, nimelipata."

Basi hata hilo lilikuwa langu na likawa lake. Ubaya wangu wote wa mwaka ule, nilioubeba kama jiwe, yeye aliuchukua akautumia kama uzi wa zamani, akaunyoosha, akadarizi. Nilimwonea wivu pale pale, na machozi usoni, kama siku ya shavu la Sista.

"Una kiwembe?" aliniuliza.

"Kabula, anazikwa leo. Inaingia ardhini. Nani ataona?"

Alikuwa ameshaivuta kasula magotini, ameigeuza upande wa mbele, kidole kiko juu ya suke la tatu kushoto. Nilimpa kiwembe. Nikafungua boksi langu la chini kabisa, nikatoa kipande cha kadibodi chenye uzi wa dhahabu nilichoondoka nacho kwenye lile kabati bila kumwambia mtu, nikamtungia sindano, maana macho yake hayakuwa mazuri tena. Nje pikipiki ilisimama, na katekista akagonga kwenye fremu ya mlango. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache.

"Mama Stazia, wanaomvisha wamefika. Tayari?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa kimenyooka pande zote mbili ili mkono wake usitetereke.

"Bado," nikasema.